Alama ya tovuti haimleti mgeni

Kwa zaidi ya miaka 20 wenye tovuti wamenunua, wameuza na hata kupelekana mahakamani kwa sababu ya namba moja. Historia ya namba hiyo inaonyesha wageni wa mtandaoni hutoka wapi hasa.

Oktoba 2002, kampuni ndogo iitwayo SearchKing iliishtaki Google katika mahakama ya shirikisho jimboni Oklahoma, Marekani. Haikuwa ikidai deni, wala hapakuwa na mkataba uliovunjwa baina yao. Ilichodai ni namba. Wakati ule Google iliupa kila ukurasa wa wavuti alama kati ya 0 na 10 na kuionyesha hadharani, na alama ya SearchKing ilikuwa imeshuka.

Kushuka huko kuliigusa mfukoni. Agosti ya mwaka huohuo SearchKing ilikuwa imeanza udalali wa linki. Mwenye tovuti aliyetaka kupanda kwenye matokeo ya Google alilipa, akawekewa linki kwenye tovuti yenye alama kubwa. Kadiri alama ya tovuti hiyo ilivyokuwa kubwa, ndivyo bei ilivyopanda. Dalali wa alama ambaye alama yake mwenyewe imeporomoka hana tena cha kuuza.

Mei 2003 Jaji Vicki Miles-LaGrange aliitupa kesi. Alisema alama zile ni maoni ya Google kuhusu umuhimu wa tovuti, na maoni yanalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani.

Hukumu hiyo ilibeba fundisho kubwa kuliko wengi walivyolipokea. Ikiwa alama ni maoni ya mtu mwingine, huwezi kuimiliki, na aliyekuuzia hawezi kukuhakikishia kwamba kesho itakuwepo. Hata hivyo biashara hiyo haikufa, na imeshafika kwetu. Mwenye kampuni ya watalii Arusha, mwenye nyumba ya wageni Lamu na mwandishi mwenye tovuti ya habari Dodoma wote hutumiwa barua pepe za kuuziwa linki kutoka tovuti “zenye alama 50 na kuendelea.” Fedha zinazoombwa ni fedha za watu wanaohesabu kila shilingi. Kwa sababu hiyo swali hili linastahili jibu la wazi: je, alama hizo huleta wageni?

Namba ilitoka wapi

Alama ya kwanza iliitwa PageRank. Iliasisiwa na Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, katika mradi ulioanza mwaka 1996. Walieleza mtambo wao katika andiko la mwaka 1998, mwaka ambao pia Google ilisajiliwa kuwa kampuni.

Mitambo mingi ya kutafuta ya wakati ule iliangalia zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Aliyerudia neno mara nyingi alipewa kipaumbele, hata kama hakuwa na la maana la kusema. Page na Brin waliazima desturi ya wanazuoni, ambao hupima uzito wa andiko kwa kuangalia ni maandiko mangapi mengine yanalirejelea. Kwa wavuti, rejeo ni linki. Ukurasa unaopewa linki na kurasa nyingi huwa na uzito, na linki kutoka ukurasa wenye uzito huhesabiwa zaidi ya linki kutoka ukurasa usiojulikana. Ni sawa na fundi seremala: sifa anazopewa na mafundi wenzake wanaoheshimika huthaminiwa kuliko sifa za wapita njia.

Katika hesabu zao, walimfikiria mtu anayetembea wavutini bila lengo, akibofya linki yoyote anayokutana nayo. Mara kwa mara anachoka, anaacha njia aliyokuwa akiifuata na kurukia ukurasa mwingine wowote. Uwezekano wa kuendelea kufuata linki kwa kawaida uliwekwa kuwa 0.85. Alama ya ukurasa ni uwezekano wa kumkuta mtembezi huyo hapo.

Ulikuwa uvumbuzi wa thamani kubwa. Stanford, iliyomiliki hataza yake, ilipewa hisa za Google milioni 1.8 kwa kuiachia kampuni itumie uvumbuzi huo. Kufikia mwaka 2005 chuo kilikuwa kimeziuza kwa takriban dola milioni 336.

Lakini tazama jambo moja katika hesabu ile: mtembezi hana swali. Hatafuti hoteli, dawa ya kuku wala ratiba ya boti. Alama ya PageRank hupatikana kabla mtu yeyote hajaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, na inabaki ileile kwa kila swali litakaloulizwa. Page na Brin walilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana katika andiko lao la 1998 alama iliunganishwa na vigezo vingine, kama vile maneno ya ukurasa wenyewe, ukaribu wa maneno hayo na maandishi ya linki zinazouelekea. Kwao PageRank ilikuwa kiungo kimoja ndani ya mtambo mkubwa. Waliokuja kuifanya ndiyo mtambo mzima ni sisi tulioitazama kutoka nje.

Namba ilipogeuka bidhaa

Desemba 2000 Google ilitoa upauzana wa kuweka kwenye kivinjari cha kompyuta. Ndani yake kulikuwa na mstari mdogo wa kijani ulioonyesha alama ya ukurasa uliofunguliwa, kuanzia 0 hadi 10. Kwa mara ya kwanza kila mtu aliweza kuona Google inaufikiriaje ukurasa wake na wa jirani yake.

Kilichoonekana kilikuwa picha hafifu ya hesabu yenyewe. Ndani ya Google alama ilikokotolewa mfululizo na kwa usahihi mkubwa, ilhali namba ya hadharani ilikuwa imekadiriwa hadi namba nzima, na kuhuishwa mara chache tu kwa mwaka. Kurasa mbili zenye alama 5 zingeweza kutofautiana sana, na alama uliyoiona leo ingeweza kuwa ya miezi iliyopita.

Soko halikujali. Linki, ambayo thamani yake ilitokana na kutolewa kwa hiari na mtu aliyeridhika na alichokisoma, ikapata bei. Wengine walibadilishana linki, wengine walijenga makumi ya tovuti tupu ili zisifiane, na wengine walitumia programu za kumwaga linki katika sehemu za maoni za tovuti za watu. Januari 2005 Google na wenzake walilazimika kuanzisha lebo isiyoonekana kwa msomaji ndani ya linki, nofollow, inayouambia mtambo wa kutafuta usiihesabu kuwa sifa.

Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alilitambua jambo la aina hii mwaka 1975 alipokuwa akiandika kuhusu sera za fedha: kipimo kikishageuzwa kuwa shabaha, huacha kupima kilichokusudiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mstari wa kijani. Kadiri watu walivyoufukuzia, ndivyo ulivyozidi kuonyesha nani amenunua linki na kuacha kuonyesha nani ameandika vizuri.

Google yenyewe ilianza kuuondoa taratibu. Oktoba 2009 iliitoa PageRank kwenye zana zake za wenye tovuti, ikieleza kwamba watu wanaikazia macho kupita kiasi. Alama za hadharani zilihuishwa kwa mara ya mwisho Desemba 2013, na mwaka 2016 zikafutwa kabisa. Hesabu ya linki imebaki ndani ya Google hadi leo ikiwa imebadilika sana, lakini hakuna mtu wa nje anayeiona. Anayekwambia mwaka huu kwamba anajua PageRank ya tovuti yako anakudanganya.

Nafasi ina uzito wake

Hapa inafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya. Alama ni hukumu ya jumla juu ya tovuti. Nafasi ni mahali ukurasa unapotokea mtu anapouliza swali fulani. Alama inaweza kupuuzwa, lakini nafasi haiwezi.

Ushahidi wa mapema ulipatikana kwa bahati mbaya. Agosti 2006 kampuni ya AOL, ambayo matokeo yake yalitoka Google, iliweka hadharani kumbukumbu za utafutaji za watu wapatao 650,000. Ilikuwa fedheha kubwa kwa faragha ya watu, na kampuni iliziondoa baada ya siku chache, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa. Waliozichambua walikuta kwamba tokeo la kwanza lilipata takriban asilimia 42 ya mibofyo yote na la pili takriban asilimia 12. Ukurasa wa kwanza wa matokeo kwa jumla ulichukua karibu asilimia 90. Tafiti za miaka ya karibuni hutoa viwango vya chini kwa nafasi ya kwanza, lakini mteremko ni uleule: wa kwanza anapata mengi, wa pili machache, na wa ukurasa wa pili karibu hapati kitu.

Je, linki za kununua zinaweza kukupa nafasi? Kwa muda, ndiyo, na ni lazima tuseme hivyo kwa uaminifu. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa limetawala matokeo ya Google kwa miezi kadhaa, ukiwemo msimu wa sikukuu. Lilitokea la kwanza kwa maneno ya kawaida kama magauni, matandiko na mazulia. Gazeti lilikuta maelfu ya linki zilizopandwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala samani. Kampuni ilikana kuzijua na ikaachana na wakala aliyekuwa akiishughulikia.

Google ilipochukua hatua, duka hilo lililokuwa la kwanza kwa wanaotafuta mabegi ya Samsonite lilijikuta nafasi ya 71 ndani ya saa mbili. Aprili 2012 yalifuata mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga linki za hila kwa mapana. J.C. Penney ilikuwa na maduka zaidi ya elfu moja na matangazo ya televisheni ya kuibeba wakati wa adhabu. Kampuni ya watu wanne mjini Moshi inayotegemea watafutaji wa safari za Kilimanjaro haina kinga hiyo. Kwake adhabu ya namna ile ni msimu mzima kupotea.

Alama za watu wa kando

Mstari wa kijani ulipokufa, pengo lilizibwa na kampuni nyingine. Alexa, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kununuliwa na Amazon mwaka 1999, ilipanga tovuti za dunia kwa wingi wa wageni. Nafasi ya Alexa ilitajwa kwa fahari kwenye mazungumzo na watangazaji wa biashara. Lakini makadirio yake yalitegemea sehemu ndogo ya watu waliokuwa na programu yake kwenye vivinjari vyao vya kompyuta. Alexa yenyewe ilionya kwamba tovuti zilizo chini ya nafasi ya 100,000 hazikupangwa kwa takwimu za kutosha. Tovuti inayosomwa hasa kwa simu, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, ilikuwa ikipimwa kwa watu ambao si wasomaji wake. Alexa ilifungwa Mei 1, 2022.

Leo alama inayotajwa zaidi ni Domain Authority ya kampuni ya Moz, inayokwenda kutoka 1 hadi 100. Ahrefs na Semrush nazo zina za kwao. Ni kazi za watu makini, na zinafaa kwa kulinganisha tovuti moja na washindani wake. Lakini Moz yenyewe hueleza wazi kwamba Google haitumii alama yake kupanga matokeo. Machi 2019 Moz ilibadilisha namna ya kuikokotoa, na alama za tovuti nyingi zikapanda au kushuka kwa mkupuo. Ndani ya Google hakuna kilichoguswa na badiliko hilo, wala hakuna mgeni aliyeongezeka kwa sababu yake.

Kinachomleta mgeni

Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google kuhusu uhodhi wa soko, makamu wa rais wa Google aliyekuwa akishughulikia utafutaji, Pandu Nayak, alitoa ushahidi chini ya kiapo. Alieleza juu ya mfumo uitwao Navboost, unaokumbuka mibofyo ya watumiaji kwa miezi 13 iliyopita. Mfumo huo huangalia watu walioandika maneno fulani walibofya nini, na hilo huchangia kupanga matokeo ya atakayeuliza kesho. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ni mhodhi aliyevunja sheria. Moja ya hoja za kesi hiyo ilikuwa kwamba wingi wa watumiaji huipa Google taarifa ambazo mshindani hawezi kuzipata.

Ushahidi huo unatuweka mahali tofauti na mtembezi wa mwaka 1998 asiye na swali. Mtu wa kweli anakuja na haja. Anaandika maneno yake, anafungua ukurasa, na ama anatosheka au anarudi kutafuta kwingine. Mtambo unajitahidi kujifunza kutokana na mwenendo huo. Linki bado ni ushahidi, hasa linki halisi kutoka kwa watu wa fani hiyohiyo, lakini ni ushahidi mmoja kati ya mwingi.

Mwaka 2023 Ahrefs ilichunguza kurasa zipatazo bilioni 14 na kukadiria kwamba asilimia 96.55 hazipati mgeni hata mmoja kutoka Google. Wapo wanaoisoma namba hiyo na kukimbilia kununua linki. Mimi naisoma kwa jicho jingine: kurasa nyingi mno zimeandikwa kwa ajili ya jambo ambalo hakuna anayeliuliza, au zimerudia kilichokwisha kusemwa na wengi.

Anayetaka kujua hali yake anayo zana ya bure. Google Search Console humwonyesha mwenye tovuti watu waliandika maneno gani kabla ya kuuona ukurasa wake, ulionekana mara ngapi, ulibofywa mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani. Hizo ni takwimu za tovuti yake mwenyewe. Ukurasa unaoonekana mara nyingi bila kubofywa unahitaji kichwa kinachosema wazi kilichomo. Ukurasa ulio nafasi ya nane kwa swali linaloulizwa sana unahitaji kuboreshwa. Ukurasa ulio wa kwanza kwa swali ambalo halimhusu mteja wako hauna faida hata ukibaki juu mwaka mzima.

Uwanja wa Kiswahili

Msemo wetu unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni ukweli huo una sharti lake: kizuri hujiuza pale tu kinapowekwa kwenye njia wanayopita watu. Na kwa Kiswahili njia hizo ziko wazi kuliko tunavyodhani.

UNESCO inakadiria wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, lakini lugha yetu ina sehemu ndogo sana ya kurasa za wavuti. Kwa Kiingereza, anayeandika leo kuhusu kupanda Kilimanjaro anapambana na kampuni zenye miaka 20 ya linki na bajeti kubwa za matangazo. Kwa Kiswahili, mfugaji anayeuliza namna ya kukinga kuku dhidi ya mdondo, mama anayetaka kujua dalili za kifafa cha mimba au kijana anayetafuta utaratibu wa kusajili jina la biashara mara nyingi hukutana na kurasa chache, nyingine zikiwa tafsiri za mashine zisizosomeka.

Mtu anayejibu swali kama hilo kwa usahihi, kwa lugha safi, katika ukurasa mwepesi unaofunguka haraka kwenye simu, hana haja ya kusubiri alama. Hapo tovuti isiyojulikana inaweza kutangulia kwa sababu imejibu pale ambapo wengine wamenyamaza. Naamini hii ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tulizonazo mtandaoni, na inanisikitisha kuona wenye tovuti wakilipia linki za mashaka kwa lugha ambayo wateja wao wengi hawaizungumzi nyumbani.

Mgeni asiyebofya

Kuna sababu nyingine ya kuacha kuabudu namba. Mei 2024 Google ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, na huduma hiyo imesambaa katika nchi nyingi. Taasisi ya Pew ilifuatilia utafutaji wa watu wazima 900 nchini humo Machi 2025. Palipotokea muhtasari, watu walibofya tokeo la kawaida katika asilimia 8 ya safari zao za kutafuta. Pasipokuwa na muhtasari, ilikuwa asilimia 15.

Kwa maneno mengine, hata aliyeshika nafasi ya kwanza anaweza kukosa mgeni, kwa kuwa muulizaji ameridhika kabla hajafika kwake. Tovuti zitakazoumia mapema ni zile zinazotoa kile kinachoweza kufupishwa katika sentensi tatu. Zenye uchunguzi wake zenyewe, picha zake zenyewe, bei za leo na uzoefu wa mtu aliyekwenda mahali na kuona zina sababu ya kufunguliwa.

Fedha iende wapi

Ukiletewa ofa ya kupandishiwa alama, muulize muuzaji mambo matatu: ni swali gani la mteja wangu litakalonileta juu, ni watu wangapi huliuliza, na utanionyeshaje mibofyo yake ndani ya Search Console yangu? Asipokuwa na jibu, fedha hiyo ina matumizi bora. Inaweza kumlipa mwandishi anayeijua fani, mpiga picha wa eneo lako au mhariri wa Kiswahili. Inaweza pia kulipia seva isiyolala kila umeme ukikatika. Linki itafutwe kwa njia ya kale: fanya kazi ambayo chuo, gazeti, chama cha wafanyabiashara au mwenzako wa fani ataona aibu kutoitaja.

Alama zitaendelea kuzaliwa na kufa. Mstari wa kijani umekufa, Alexa imekufa, na zilizopo leo zitabadilishwa na waliozitunga kwa siku wanayoitaka wao. Maswali ya watu ndiyo yanayobaki, na kila siku yanaandikwa mengine mapya kutoka Kigoma, Mombasa, Bukavu na Muscat. Tovuti inayojipanga kuyajibu inajenga kitu ambacho hakiwezi kushushwa kwa badiliko la hesabu la kampuni moja: msomaji aliyesaidiwa, anayelikumbuka jina na kurudi moja kwa moja bila kupitia Google.